Kukoroma: Si kila koo linahitaji kisu

KUKOROMA usingizini huchukuliwa na wengi kuwa ni jambo la mzaha. Wapo wanaoamini kuwa mtu akikoroma sana ndiyo dalili kwamba amelala vizuri. Wataalamu wa masikio, pua na koo hawakubaliani na imani hiyo.

Tuchukue mfano wa Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma mkoani Songwe. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam na shehena ya kwenda Zambia au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo huwa amesafiri zaidi ya kilomita 900 afikapo hapo. Hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, kulala ndani ya lori bado ni sehemu ya kazi yake. Akikoroma, wenzake hucheka. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, kesho yake atasinzia akiwa ameshika usukani?

Mkoromo hutokea pale njia ya hewa inapokuwa nyembamba. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Hewa ikipita kwa nguvu hutikisa kaakaa laini na kimio, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni ambacho wengine hukiita kilimi au kidakatonge. Mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia.

Kwa baadhi ya watu njia hiyo huziba kabisa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mgonjwa hushtuka, huvuta hewa kwa kishindo na kuendelea kulala bila kukumbuka lolote. Hali hiyo ikijirudia mara 5 au zaidi kwa saa, na mgonjwa akawa na dalili kama usingizi wa mchana, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Ikifika mara 30, ugonjwa ni mkali. Mgonjwa huamka na kichwa kizito, husinzia mchana, na huwa katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu.

Aina za upasuaji

Upasuaji hutegemea mahali palipoziba. Ikiwa tatizo liko puani, daktari hunyoosha ukuta unaotenganisha matundu ya pua au hupunguza nyama zilizovimba. Peke yake, upasuaji wa pua ni nadra kumaliza ugonjwa wa kukatika pumzi, ingawa humpa mgonjwa nafuu ya kupumua.

Kwa watoto, chanzo kikubwa ni mafindofindo, yaani tonsesi, pamoja na nyama zilizoota nyuma ya pua. Kuviondoa ndiyo tiba ya kwanza, na wengi hupata nafuu kubwa.

Kwa watu wazima, upasuaji uliopata umaarufu tangu mwaka 1981 ni ule wa kuondoa kimio, sehemu ya kaakaa laini na mafindofindo. Hufanyika kwa nusu kaputi, na maumivu yake huweza kudumu wiki 2. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa karibu wagonjwa 4 tu kati ya 10 wenye ugonjwa wa kukatika pumzi ndio waliopata nafuu ya kuridhisha. Wapo ambao baadaye vinywaji huwarudia puani au sauti yao hubadilika, na mkoromo wenyewe huweza kurejea baada ya miaka kadhaa.

Zipo pia njia nyepesi zaidi, zikiwamo kukaza kaakaa kwa joto la mawimbi ya redio au kulipunguza kwa mionzi ya leza, ambazo hufanyika kwa ganzi. Kwa ugonjwa mkali upo upasuaji wa kusogeza mbele mifupa ya taya, na kile kifaa kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2014, ambacho hupandikizwa kifuani ili kusisimua mshipa wa fahamu wa ulimi.

Hatari ya kunyamazisha sauti

Jambo la msingi ni kwamba upasuaji waweza kuondoa kelele ukaacha ugonjwa. Mgonjwa hunyamaza, familia hufurahi, kumbe pumzi bado inakatika na hakuna tena sauti ya kumwonya mtu. Ndiyo maana usingizi hupaswa kupimwa kabla ya kisu, na koo kuchunguzwa kwa kamera ndogo.

Vilevile, upasuaji wa hospitali usichanganywe na desturi ya kukatwa kimio kwa waganga wa jadi, inayofanyika sehemu nyingi nchini kwa imani kwamba hutibu kikohozi. Huko vifaa huenda visiwe safi, na damu ikigoma kukatika au vijidudu vikiingia, mgonjwa aweza kupoteza maisha.

Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa mkali, tiba inayotangulizwa si kisu bali ni mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, iliyobuniwa Australia na kutangazwa mwaka huohuo wa 1981. Kwa mkoromo wa kawaida, kupunguza uzito, kuacha pombe na sigara, na kulala kwa ubavu vyatosha kwa wengi.

Mkazi wa Mpemba anayehitaji uchunguzi wa kibingwa aweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Aende na mwenzi wake au yeyote anayelala naye chumba kimoja, kwani mwenye kukoroma hajisikii. Dereva anayesinzia mchana asingoje mkoromo uwe kero kwa wengine. Usingizi huo wa barabarani ni sababu tosha ya kumwona daktari.