Kisiwa Ambacho Ndege Hawakimbii Watu

Isla Isabel ni kisiwa kidogo cha Meksiko katika Bahari ya Pasifiki. Familia nyingine hufika huko kwa mashua ya tanga ili watoto waone ndege wenye miguu ya buluu. Ndege hao hutaga mayai chini, udongoni, na kuyafunika kwa miguu hiyo yapate joto. Hawatukimbii, ndiyo maana ni rahisi kuwadhuru. Tukiwasogelea sana, mzazi huinuka, na yai huliwa na shakwe. Zamani paka walioletwa na watu waliua ndege wengi, ikabidi waondolewe; panya nao waliondolewa mwaka 2009. Kwa hiyo tukague mizigo kabla ya kushuka, na watoto tuwafundishe: hapa ni nyumba ya ndege, sisi ni wageni.