Kongo-Central: Kidonda cha Buruli, ugonjwa unaoanza bila maumivu na kuacha ulemavu

Katika vijiji vya wilaya ya Songololo, jimboni Kongo-Central, wakaaji wanaufahamu kwa jina la Kikongo: mbasu. Kwa madaktari ni kidonda cha Buruli. Unaanza kama uvimbe mdogo chini ya ngozi, mara nyingi mguuni au mkononi. Hauumi, hauleti homa, na mtoto anaendelea kucheza na kwenda shule kama kawaida. Hapo ndipo hatari ilipo: jambo lisilouma halimpeleki mtu hospitalini.

Baada ya majuma kadhaa ngozi inapasuka. Kidonda kinachotokea huwa kipana kuliko kinavyoonekana kwa macho, kwani kingo zake zimeliwa kwa ndani. Kikiachwa kinaweza kuenea mkono mzima au mguu mzima, na pengine kufika hadi kwenye mfupa. Ugonjwa huu huua mara chache, lakini kovu lake hukaza viungo: goti halikunjuki tena, vidole havifungi. Barani Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Chanzo chake ni bakteria iitwayo Mycobacterium ulcerans. Inatoa sumu, mykolaktoni, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1999. Sumu hiyo inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inaua nyama iliyo chini ya ngozi, inadhoofisha kinga ya mwili mahali pale, na inapunguza maumivu. Bakteria hii hupenda joto la nyuzi 29 hadi 33, chini kidogo ya joto la ndani ya mwili, ndiyo maana hukaa zaidi kwenye ngozi.

Ina ndugu wawili wanaojulikana sana nchini, yaani bakteria za kifua kikuu na za ukoma. Lakini ukoo huo ni mkubwa: aina zaidi ya 190 zimekwisha kutajwa, na nyingi zinaishi majini na udongoni bila kumsumbua mtu. Baadhi hushambulia ngozi, nyingine mapafu, hasa ya wale ambao kinga yao imedhoofika au waliowahi kuugua mapafu. Kwa darubini, makohozi ya wagonjwa hao yanaweza kufanana na ya kifua kikuu, na mtu akapewa dawa za kifua kikuu kwa miezi bila kupona. Katika nchi yenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu kama RDC, kosa hilo ni rahisi kutokea. Mashine ya GeneXpert inasaidia, kwa kuwa inatafuta bakteria ya kifua kikuu yenyewe.

Kidonda cha Buruli si kipya. Mwaka 1948, Peter MacCallum na wenzake nchini Australia walieleza kwa mara ya kwanza bakteria inayokisababisha. Jina lilitoka jirani, Uganda, kwenye eneo la Buruli karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Hapa Kongo, madaktari waliandika juu yake tangu miaka ya 1950. Leo umeripotiwa katika nchi 33. Kwa mwaka 2016, Shirika la afya ulimwenguni, OMS, lilipokea taarifa za wagonjwa 1,961 duniani kote.

Hesabu hiyo lakini ni ya wale waliofika kituoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Songololo ulionyesha kwamba wagonjwa wengi wa vijijini hawakuwa kwenye daftari za hospitali. Sababu zinajulikana: njia ni mbaya, kituo kiko mbali, na familia haina pesa ya kukaa mjini wakati mashamba ya muhogo yanangoja. Tena wengi wanaamini kwamba mbasu ni ugonjwa wa kutupiwa na adui, kwa hiyo wanaanza kwa mponyaji wa kienyeji. Wanapofika kwenye hospitali ya IME ya Kimpese, kando ya barabara ya taifa nambari 1 kati ya Kinshasa na Matadi, kidonda kimekwisha kupanuka.

Hata hivyo dawa ipo. Hapo zamani tiba ilikuwa kisu: nyama iliyooza ilikatwa, na pengine kiungo kizima. Tangu mwaka 2004 ikaja rifampisini pamoja na sindano za streptomisini, ambazo zinaweza kuharibu masikio. Sasa OMS inashauri vidonge peke yake, rifampisini na klaritromisini, kwa majuma 8. Uvimbe ukiwahiwa, mgonjwa anaweza kupona bila kukatwa. Kidonda kikubwa bado kinahitaji upasuaji, kupandikizwa ngozi na mazoezi ya viungo.

Wauguzi wanapaswa kuwaonya wagonjwa mambo mawili mapema. La kwanza, rifampisini hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa, si damu. La pili, kidonda kinaweza kuonekana kama kinazidi katikati ya tiba, kwa kuwa kinga ya mwili inaamka na kuanza kupigana. Mgonjwa asiyeelezwa hilo hudhani dawa imeshindwa, anarudi kijijini na kuacha vidonge.

Kuthibitisha ugonjwa kunafanywa kwa kipimo cha PCR, ambacho Taasisi ya taifa ya utafiti wa kibayolojia, INRB, ya Kinshasa, inaweza kukifanya.

Swali moja kubwa bado halijajibiwa: bakteria inaingiaje mwilini? Barani Afrika ugonjwa unafuata mabonde yenye maji yanayotembea polepole na mabwawa. Kusini mwa Australia, utafiti wa mwaka 2024 uliwanyoshea mbu kidole. Lililo wazi ni kwamba mgonjwa hawaambukizi watu wa nyumbani kwake, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga wala kumfukuza shuleni.

Kwa kuwa chanjo yake haipo, kinga iliyobaki ni macho ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa kijiji. Uvimbe usiouma, sehemu ya ngozi iliyokauka na kuwa ngumu, au kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa: mtoto apelekwe kituoni wakati kidonda bado hakijazidi sentimita 5. Hicho ndicho kipimo ambacho OMS inakitumia kwa hatua ya kwanza ya ugonjwa, na ndipo vidonge vya majuma 8 vinaweza kutosha.