"Counselling": Ushauri, Nasaha au Mashauri?

Wanafunzi wetu wa tafsiri hukutana mara kwa mara na neno la Kiingereza "counselling". Hapa Uganda neno hili limezoeleka sana kutokana na mapambano dhidi ya UKIMWI, hasa tangu shirika la TASO lilipoanzishwa mwaka 1987 na kuanza kuwahudumia watu wenye VVU. Hata hivyo, wengi hulikosea katika lugha zote mbili.

Kwanza, tahajia. "Counsellor" ni mtu anayemsaidia mwenzake kwa mazungumzo kuhusu tatizo lake. "Councillor" ni diwani, yaani mjumbe wa baraza. Maneno haya hutamkwa sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Aidha, mahakamani "Counsel" ni wakili. Anayeandika kwamba mgonjwa apelekwe kwa "councillor" amempeleka kwenye siasa!

Pili, tafsiri. Istilahi iliyokubalika ni ushauri nasaha, na mtoaji wake ni mshauri nasaha. Wapo pia wanaotumia unasihi na mnasihi. Tusiseme "mashauri", kwani nchini Tanzania mashauri ni kesi zilizo mahakamani. Tangazo la zahanati lisemalo "Mashauri, chumba namba 4" linaweza kumfukuza mtu aliyekuja kupima kwa hofu. Vilevile tujihadhari na "shauri yako", ambayo katika mazungumzo humaanisha "utajijua mwenyewe".

Tatu, maana. Kumshauri mtu ni kumwambia unachoona kinamfaa: "Nakushauri uache pombe." Ushauri nasaha ni zaidi ya hapo. Mshauri husikiliza, huuliza, hutunza siri, kisha humwachia mhusika aamue mwenyewe. Ndiyo maana huduma ya VCT huitwa ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Kwa hiyo sentensi "Mwalimu alimpa ushauri nasaha wa kuchukua somo la Historia" si sahihi. Hapo ushauri unatosha.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mtu aliyeahidiwa ushauri nasaha, kisha akapewa amri au mahubiri, huenda asirudi tena kuchukua majibu yake. Tunawahimiza wanafunzi, kabla ya kutafsiri, wajiulize: je, hapa mtu anaelekezwa la kufanya, au anasaidiwa kuamua? Jibu ndilo litakaloonyesha neno linalofaa.