Breki ya Mbele na Udongo wa Kianjokoma

Mwezi wa saba Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huamka ikiwa imejifunika ukungu. Rasharasha huanguka tangu usiku, ile isiyomlowesha mtu hadi ngozi lakini inayolaza vumbi na kuiacha barabara ya murram iking'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Asubuhi ya namna hiyo, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nashuka mteremko katikati ya mashamba ya chai juu ya pikipiki kubwa ya safari. Nilikuwa na buti za bei ghali, jaketi yenye kinga za mabega na viwiko, na glavu za ngozi. Nilichokosa ni akili ya kusimama kule juu nikaitazama ile barabara kwanza. Kwenye kona niliigusa breki ya mbele. Gurudumu likateleza, na kabla sijajua nimekosea wapi nilikuwa nimelala ubavu kando ya mtaro, pikipiki imenikalia mguu.

Nyuma yangu alikuja kijana wa bodaboda, gamubuti miguuni, gunia la majani chai limefungwa nyuma kwa mpira. Alisimama taratibu kwa breki ya mguu, akaegesha, akaja kunisaidia kuinua chuma kile cha zaidi ya kilo 200.

“Pole mzee,” akasema. “Huku breki ya mbele haiguswi.”

Maneno yale nimeyasikia tena mara nyingi, Embu, Chuka, hadi Nkubu. Wanafunzi wengi ninaowafundisha kuendesha hunijia nayo kama amri waliyorithi kwa kaka zao. Kwa mteremko ule na asubuhi ile, kijana alisema kweli. Shida ni kwamba amri hiyo haibaki kwenye matope. Hupanda pikipiki pamoja na mwendeshaji hadi kwenye lami ya kwenda Embu, na huko ndiko inakoua.

Tuanze na udongo, maana ndio uliozaa amri yenyewe. Miteremko hii ya kusini-mashariki mwa Mlima Kenya hupata mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima. Udongo wake ni ule ambao wataalamu huuita nitisoli: mfinyanzi mzito uliotokana na miamba ya volkeno, mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo. Mkulima anaupenda kwa sababu una kina na hunywa maji vizuri. Chai inayopelekwa kiwanda cha Mungania inaota juu yake. Lakini barabara si shamba. Malori ya kubeba majani chai yameushindilia udongo ule mwaka baada ya mwaka hadi umekuwa mgumu kama sakafu. Mvua ikianza, maji hayazami upesi. Yanalainisha juu tu, unene wa ukucha, na chini yake panabaki pakavu na pagumu. Hapo umepata sabuni juu ya saruji.

Ndiyo maana nusu saa ya kwanza ya mvua ni mbaya kuliko saa ya tatu. Mvua ikiendelea, tairi angalau huzama kidogo na kupata kitu cha kushika. Na jua likitoka, ule utando wa juu hukauka haraka kuliko unavyodhani. Wenyeji wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Pita kituo cha majani chai wakati wa manyunyu utawakuta wamejikunyata chini ya mabati, pikipiki zimepangwa mstari, wanasubiri. Mgeni kutoka Nairobi anawapita akipiga honi. Kuna siku mgeni huyo nilikuwa mimi.

Kwa nini basi gurudumu la mbele lina kisirani kuliko la nyuma? La nyuma likifunga na kuanza kuserereka, mkia wa pikipiki huyumba, nawe una muda wa kuachia pedali na kujiweka sawa. La mbele ndilo linaloelekeza na ndilo linalokuweka wima. Likifunga haligeuki tena, na pikipiki huanguka kwa upesi ambao mguu wako hauwezi kuuwahi. Kwenye utelezi, kwa hiyo, kazi kubwa ifanywe na injini: gia ya kwanza, klachi imeachiwa kabisa, aksileta imefungwa. Mguu wa kulia uibembeleze breki ya nyuma. Kidole kimoja kikae juu ya breki ya mbele bila kuikaba. Kosa ninaloliona zaidi ni la kushika klachi. Mtu akiogopa hukamata kila kitu, na akikamata klachi ameifungulia pikipiki iteremke kama toroli.

Sasa twende kwenye lami. Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Wengi wa waendeshaji walikuwa hawakufunzwa na mtu wa kazi hiyo. Walijifunza wenyewe au kwa marafiki. Hatari ilipowatokea walikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kufanya lolote. Na walichofanya wengi wao ni kukanyaga breki ya nyuma hadi ikafunga, huku ya mbele wakiitumia kidogo mno. Los Angeles haina matope ya Kianjokoma, lakini uoga ni uleule.

Piga hesabu. Kwenye lami kavu, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, breki ya nyuma peke yake itakusimamisha katika mita 28 hivi. Breki zote mbili zikitumiwa vizuri, ni kama mita 14. Kwa hali zote mbili ongeza mita 14 nyingine ulizokwenda katika sekunde moja ya kushtuka. Tofauti inayobaki ni kama urefu wa malori mawili madogo, na ndani ya urefu huo ndimo anamosimama mtoto aliyekimbilia mpira.

Sababu yake utaiona ukibeba mtungi wa maji wa lita 20 ambao haukujaa. Simama ghafla, maji yote yanakimbilia mbele. Uzito wako na wa pikipiki hufanya vivyo hivyo: ukifunga breki, gurudumu la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Lililokandamizwa ndilo lenye nguvu ya kushika lami. Lakini linahitaji muda mdogo wa kukandamizwa kwanza, na hapo ndipo penye ufundi. Huku kwetu karibu kila boma lina ng'ombe, kwa hiyo mfano ninautoa zizini: usiinyakue breki ya mbele, ikamue. Anayekamua havuti chuchu kwa ghafla. Anaanza polepole, vidole vikifuatana, kisha anaongeza nguvu. Ukiinyakua, gurudumu litafunga kabla uzito haujafika. Ukiikamua, uzito unafika na tairi inashika.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Chogoria ndiyo inayoonyesha umuhimu wa haya. Ni lami nzuri, na wapenda safari za pikipiki huipenda kwa kona zake, lakini kila mto unaotoka mlimani umeichimbia bonde: unateremka, unavuka daraja, unapanda, unateremka tena. Kwenye daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwenye pikipiki ajue kuwa mteremko mrefu huchosha breki, hasa zile za viatu ndani ya gurudumu ambazo pikipiki nyingi za bodaboda bado zinazo. Zikipata moto hulegea. Gia ipunguzwe kileleni, kabla ya kuanza kushuka, na breki zitumike kwa vipindi, si kuzikandamiza mfululizo kilomita nzima.

Kupanda nako kuna mtego wake, na huu hauelezwi vya kutosha. Umeshika kilima chenye kokoto, injini inazima katikati. Mkono unakimbilia breki ya mbele, na pikipiki inarudi nyuma kinyumenyume gurudumu la mbele likiwa limefunga! Si breki mbovu. Mlimani uzito wote umekalia gurudumu la nyuma, la mbele halina cha kushikia. Dawa yake ni gia: acha pikipiki ndani ya gia ya kwanza na uachie klachi. Injini iliyozima hulishika gurudumu la nyuma. Pumua, weka mguu upande wa juu wa mteremko, kisha uamue kama utajaribu tena au utageuza.

Mzigo huharibu yote haya usipoangalia. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, linainyanyua pua ya pikipiki kama mtu aliyekalia upande mmoja wa pembea. Usukani unakuwa mwepesi, na ile breki ya mbele niliyokuwa naisifu inapoteza nusu ya thamani yake. Vitu vizito, yaani vyuma vya kazi, maji na petroli, vikae chini na karibu na kiti. Hema na blanketi ndivyo viende nyuma. Wasafiri wenye masanduku matatu ya bati hukosea hapa sawasawa na anayebeba kreti za soda, ila masanduku yao yana rangi nzuri zaidi.

Upepo wa tairi nao unabadilika na njia. Pikipiki nyingi za cc 150 hutembea na paundi 25 mbele na 28 nyuma mtu akiwa peke yake. Kwenye matope unaweza kushusha hadi 20 hivi, tairi itandaze na kushika eneo kubwa. Usiende chini sana ya hapo: jiwe litabana tubu kwenye rimu na kuitoboa, au tairi itazunguka peke yake ndani ya rimu na kung'oa shina la tubu. Beba pampu, maana ukirudi kwenye lami lazima ujaze tena. Tairi za meno zinasaidia, ila mwendo ukiwa mdogo mno udongo wa huku hujaza zile nafasi za katikati ya meno, ukabaki na duara laini la mfinyanzi.

Kuhusu mito nitasema machache. Usivuke maji ambayo hujayatembelea kwa miguu. Mito ya huku inaweza kufurika kwa mvua iliyonyesha juu msituni wakati wewe uko kwenye jua. Ukishavuka, breki za viatu zimelowa na hazishiki. Endesha polepole ukizigusagusa hadi zikauke. Injini ikinywa maji, usiiwashe. Fungua plagi, zungusha injini ili maji yatoke, ndipo ujaribu.

Na mavazi? Nimeyaacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa watu huyaanza na kuishia hapo. Helmeti haina mjadala: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kanuni za mwaka 2015 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, zinamtaka mwenye bodaboda awe na helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga ya abiria pia. Lakini helmeti isiyofungwa mkanda ni kofia tu. Ijaribu hivi: funga mkanda, kisha mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, si saizi yako. Na iliyokwisha kupiga chini na kichwa ndani yake, itupe, hata kama kwa nje haina mkwaruzo. Lile povu gumu la ndani hubonyea mara moja, halirudi.

Baada ya helmeti, nunua glavu. Mtu akianguka hutanguliza viganja. Huku kuna sababu nyingine: asubuhi ya baridi, ukiteremka kutoka Kianjokoma, vidole hufa ganzi ndani ya dakika chache, na kidole chenye ganzi hakiwezi kukamua breki, kinaweza kuinyakua tu. Gamubuti zinazuia maji ila hazikingi kifundo cha mguu zikikaliwa na pikipiki. Buti la ngozi lenye kamba, linalopanda juu ya kifundo, ni bora, na la mitumba linatosha. Jaketi ya ngozi ya ng'ombe ya mitumba, nzito na yenye mishono miwili mabegani, itakufaa kuliko jaketi mpya ya plastiki yenye maandishi ya mashindano.

Yule kijana na mimi tulibadilishana ujuzi siku ileile. Mguu wangu ulikuwa umevimba ila haukuvunjika, shukrani kwa lile buti. Alinionyesha jinsi ya kushuka ule mteremko uliobaki: matako yamesukumwa nyuma, macho mbali, mdomo umefungwa. Mchana barabara ilipokauka tulikwenda kwenye kipande kitupu cha lami nikamfundisha kukamua. Mara ya kwanza alikataa kabisa kuigusa. Mara ya kumi alisimama mapema hadi akacheka mwenyewe.

Nawe tafuta kipande kama hicho, kikavu, kisicho na magari wala watoto. Anza na kilomita 20 kwa saa, usukani umenyooka, vidole viwili. Rudia mara 20 kabla hujaongeza mwendo.