Mkiwa wawili kwenye boti, na yule mwengine ajue



Mwezi wa Aprili hapa Uingereza jua huanza kutoka, na sisi tuliolelewa karibu na bahari huanza kuitamani. Mtu na mkewe hukodi boti ndogo ya mashine wakatembea Solent, kutoka Southampton mpaka kisiwa cha Wight, chai kwenye chupa na sambusa mkobani. Ni jambo zuri kwa mwili na kwa roho. Lakini wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Maji haya si ya kwetu. Bahari ya Zanzibar au Mombasa huwa na joto la nyuzi 25 na zaidi karibu mwaka mzima. Solent mwezi wa Aprili ni kama nyuzi 10 tu, hata siku ya jua, kwa sababu bahari huchelewa kupata joto kuliko hewa.

Ukianguka humo, linaloanza ni mshtuko wa baridi. Unahema kwa nguvu bila ya kutaka, na kichwa kikiwa chini unavuta maji. Moyo hupiga mbio na presha hupanda ghafla, kwa hiyo mwenye presha au maradhi ya moyo azungumze na daktari wake kabla ya safari. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja au mbili. Kisha mikono na miguu huishiwa nguvu, hata kwa muogeleaji hodari.

Sasa jiulize: mara nyingi bwana ndiye anayeendesha, na bibi amekaa tu. Bwana akianguka, nani atamwokoa?

Kabla ya kuondoka:

1. Vaeni majaketi ya kuokolea nyote wawili. Jaketi lililo chini ya kiti halimsaidii mtu.
2. Anayeendesha ajifunge ile kamba ya kuzimia injini. Akianguka, mashine inazimika na boti haimkimbii.
3. Asiyeendesha ajifunze kuwasha na kuzima injini, na kuita msaada kwa redio ya VHF, chaneli 16. Kwa simu ni 999, uombe Coastguard.
4. Mwambieni mtu wa nchi kavu mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Mmoja akianguka:

Aliye majini asihangaike kuogelea. Alale chali, aelee, mpaka pumzi itulie. Aliye juu asimrukie. Amtupie boya au kamba, asimwondoe machoni, na aite msaada pale pale. Boti ikimkaribia, injini izimwe, maana panga la mashine hukata.

Akishatolewa, alazwe, avuliwe nguo mbichi na afunikwe mablanketi pamoja na kichwa. Asisuguliwe, asitiwe kwenye maji ya moto, asipewe pombe. Akiwa na fahamu zake vizuri, mpe chai ya sukari. Kama alivuta maji, apelekwe hospitali hata akisema mzima, kwani shida ya mapafu huweza kuja baadaye.

Jambo la mwisho. Baridi ikizidi watu hujifungia kwenye chumba cha boti na kuwasha jiko la gesi wapate joto. Msifanye hivyo. Jiko na moshi wa injini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na roho kuchafuka, hata mtu akadhani amelewa bahari. Mkiumwa kichwa nyote wawili mkiwa ndani, zimeni kila kitu, tokeni nje kwenye hewa na mwite msaada. King'ora cha gesi hiyo, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya boti, kiwemo chomboni kila wakati.

Basi usiku wa kuamkia safari, kaeni pamoja mfundishane. Muulize mwenzio: "Nikianguka kesho, utafanya nini kwanza?" Asipokuwa na jibu, boti isubiri.

Safari njema.