Mtoto anapochora picha inayowaka taa, wewe angalia betri

Dodoma. Chukua kipande cha manila, kitaa kimoja cha LED kilichong'olewa kwenye tochi iliyokufa, ukanda wa foili na betri. Mpe mtoto wa darasa la tano, mwonyeshe mara moja jinsi ya kuviunganisha, kisha muache. Muda si mrefu atakuletea picha ya nyumba yenu ikiwa na dirisha moja linalowaka. Usishangae dirisha hilo likiwa la chumba anacholala yeye.

Kazi hizi za kuchora picha na kuziwekea taa zimesambaa sana kupitia video za simu. Watoto wanazipenda kwa sababu kila picha inabaki kuwa ya aliyeichora. Mmoja ataandika jina lake na kuweka taa juu ya herufi ya kwanza. Mwingine atachora kichala cha zabibu za Dodoma chenye punje moja inayong'aa. Tangu treni ya umeme ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, ni rahisi kukisia wangapi watachora kichwa cha treni chenye taa mbili mbele.

Kwa mzazi wa Chang'ombe (hii ya kwetu Dodoma, wasomaji wa Temeke watuvumilie), vifaa havihitaji kuagizwa mbali. Manila ipo kwenye maduka ya vifaa vya shule, foili ipo kwenye maduka ya vyombo, na vitaa na nyaya utavipata kwa fundi redio, ambaye mara nyingi ana kopo zima la vitu alivyovitoa kwenye tochi na redio mbovu.

Naandika habari za afya, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kile kifaa cha nne, yaani betri. Lakini kwanza kazi yenyewe, maana sitaki mzazi aishie kuipiga marufuku.

Taa ndiyo inayosahihisha

Umeme wa betri unatoka upande mmoja, unapita kwenye waya au foili, unapita kwenye taa, kisha unarudi upande wa pili wa betri. Njia hiyo nzima inaitwa saketi. Ikikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, taa haiwaki. Watoto wetu wengi hukutana na saketi kama mchoro ubaoni, wanaunakili kwenye daftari, wanaukariri na kuuchora tena kwenye mtihani. Inawezekana kabisa mtoto akapata alama zote bila kuwahi kuwasha taa hata moja.

Anayetengeneza picha yake hana ujanja huo. Taa isipowaka, atafuata njia ya foili kwa kidole mpaka aone palipochanika. Akikuta pazima, atageuza kitaa. LED hupitisha umeme kwa upande mmoja tu: mguu wake mrefu unaelekea chanya na mfupi unaelekea hasi. Hapo hakuna wa kumwekea tiki wala kosa, taa yenyewe ndiyo inayosahihisha. Nadhani hicho ndicho kinachowafanya watoto wasahau hata chakula: kosa linaonekana, na linarekebishika papo hapo bila mtu kufokewa.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa ya msingi, una somo la Sayansi na pia somo la Sanaa na Michezo. Picha ya taa inakaa kote kuwili. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuigawa kwa vikundi, betri moja ikazunguka kwa watoto watano, na bado kila mmoja akaondoka na picha yake.

Na mkoa huu si mgeni wa sanaa. Kule Kolo, Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtoto akikosa la kuchora, mwambie achore twiga wa Kolo na kumwekea jicho linalowaka.

Tatizo la betri bapa

Sasa betri. Mtindo wa saketi za karatasi ulipata umaarufu kupitia watu kama Jie Qi, aliyekuwa akifanya utafiti katika chuo cha MIT, Marekani. Wao hutumia utepe mwembamba wa shaba unaobandikwa kwenye karatasi, na betri bapa ya duara inayofanana na sarafu. Ukiigeuza utaona imeandikwa CR2032. Ni ya volti 3, upana wake milimita 20 na unene milimita 3.2. Wanaipenda kwa sababu inajificha ndani ya kadi na kadi inafungika vizuri. Ndiyo maana video nyingi anazozitazama mwanao zinaonyesha betri hiyo hiyo.

Ila ni betri ya hatari kuliko zote kuwa nayo kwenye nyumba yenye mtoto mdogo.

Mtoto mkubwa anayechora huenda ana miaka kumi na moja na hawezi kuitia mdomoni. Lakini nyuma yake yupo mdogo wake wa miaka miwili, anayeokota kila kinachong'aa sakafuni. Betri ya ukubwa huo inakwama kirahisi kwenye umio, ile njia ya kupitishia chakula. Ikishakwama, pande zake mbili zinagusa nyama yenye unyevu, na unyevu ule unafunga saketi. Kilichowasha dirisha kwenye picha sasa kinapita katika koo la mtoto. Umeme huo unatengeneza kemikali kali kwenye upande hasi wa betri, mfano wa magadi makali ya kutengenezea sabuni, nayo inaunguza nyama. Si lazima betri ipasuke wala ivuje.

Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri inaweza kutoboa umio, na siku kadhaa baadaye jeraha likafika kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu, hata kama betri ilishatolewa. Nchini Marekani, kifo cha mtoto Reese Hamsmith wa Texas, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, Desemba 2020, kilizaa sheria yenye jina lake. Sheria hiyo ilisainiwa mwaka 2022 na inataka vifaa vyenye betri hizi viwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua.

Wazazi wengi hudhani betri iliyokwisha haina madhara. Betri iliyoshindwa kuwasha taa bado inaweza kuwa na umeme wa kutosha kuunguza koo. Kwa hiyo ile uliyoitupa juzi kwenye ndoo ya taka jikoni nayo imo kwenye hesabu.

Akimeza, au ukihisi amemeza

Mara nyingi hakuna aliyeona. Mtoto anaanza kutoa mate mengi, anakataa chakula, anakohoa, anatapika au anapumua kwa kukoroma, na nyumbani panasemwa ni mafua. Kama kuna betri isiyoonekana ilipokuwa, usisubiri dalili. Mpeleke hospitali yenye eksirei moja kwa moja, na kwa mtu wa Chang'ombe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapa hapa mjini. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "betri". Ukisema tu kwamba mtoto anakohoa, utakaa kwenye foleni ya wanaokohoa. Kwenye picha, betri inaweza kudhaniwa ni sarafu, ila ukingo wake mara nyingi huonekana kama duara mbili, moja ndani ya nyingine, na daktari aliyeambiwa mapema atalitafuta hilo.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, maji wala chakula.

Kitu kimoja kinaruhusiwa, nacho kwetu Kanda ya Kati hakikosekani: asali. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa kutumia nguruwe, ulionyesha kwamba asali hupunguza kasi ya kuungua kwa umio. Tangu hapo kituo cha taifa cha sumu cha Washington kinashauri hivi: kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameze betri, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, mara zisizozidi sita, mkiwa njiani. Si badala ya hospitali, na kama asali haipo ndani usipite dukani kuinunua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa mbaya wa kupooza misuli.

Betri ikiingia puani au sikioni nayo ni dharura. Usidondoshee maji wala dawa ya matone, maana utakuwa unaongeza unyevu unaofunga saketi.

Kadi itavimba kidogo, si neno

Dawa ya yote haya ni rahisi, na ndiyo ninayotaka uichukue: picha itumie betri kubwa. Mbili zile za saa ya ukutani, zenye maandishi AA, zikipangwa mstari mmoja, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, zinatoa volti 3 zile zile. Hazimezeki na mtoto wa miaka miwili. Fundi anaweza kukupa kikasha cha kuzishikia kutoka kwenye redio au mdoli mbovu, au mtoto azisokote kwenye karatasi ngumu na kufunga kwa utepe wa gundi, foili ikigusa kila ncha. Betri zikae nyuma ya picha au pembeni, ndani ya boksi la dawa ya meno. Kadi haitafungika vizuri kama ya kwenye video. Itundike ukutani.

Kuna jambo moja la kiufundi hapa. Betri bapa inatoa umeme kidogo kidogo, ndiyo maana kwenye video wanaibana moja kwa moja kwenye miguu ya taa. AA zinatoa umeme mwingi zaidi. Kitaa cheupe au cha bluu kinahitaji takriban volti 3, hivyo kwa kawaida kitavumilia. Chekundu na cha njano vinatosheka na takriban volti 2, na bila kizuizi vitaungua. Muombe fundi rezista ya omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, mtoto aiweke mahali popote kwenye njia ya saketi.

Tofauti hiyo ya rangi ina historia yake. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962. Ya bluu iliwasumbua wanasayansi miaka mingi, mpaka Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe ya tochi yako ni ile ya bluu iliyopakwa unga unaobadilisha rangi. Mtoto anayeuliza kwa nini nyekundu imeungua na nyeupe haikuungua ameuliza swali zuri sana.

Onyo lingine la AA: foili isigusishe ncha mbili za betri bila taa katikati. Betri zitachemka hadi kuunguza vidole. Mwekee mtoto swichi ya kikunjo cha karatasi chenye foili, akimaliza kuonyesha anaiachia, na betri zinadumu.

Vya kukataa moja kwa moja

Betri za simu za zamani, hasa zilizovimba, zisiguswe. Zikitobolewa au ncha zake zikigusana zinaweza kuwaka moto. Chaja iliyokatwa waya pia hapana. Ikiharibika ndani, volti 230 za ukutani zinaweza kufika kwenye karatasi na mikononi mwa mtoto. Kulehemu waache mafundi, kwa kuwa waya wa kulehemea wa kawaida una madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo unaokua. Kwenye picha hizi utepe wa gundi unatosha.

Na wale wenzangu tuliosoma shule ambazo ubao ulipakwa weusi wa betri zilizopondwa, tusiwarithishe watoto. Unga ule una manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu linaharibu mishipa ya fahamu. Betri iliyokwisha isipasuliwe.

Kabla mwanao hajaanza picha yake, pita ndani ya nyumba uangalie betri bapa zilipo tayari: kwenye rimoti ndogo za redio ya gari, funguo za gari, mizani ya jikoni, kadi za siku ya kuzaliwa zinazoimba, saa za mkononi, na vile viberiti vya gesi vyenye kitochi ambavyo watoto huvipenda kuliko wenye navyo. Kifuniko kisicho na skrubu kifunge kwa utepe. Zilizokwisha zizungushie utepe pande zote mbili, weka kwenye kopo lenye mfuniko, na kopo lipandishe juu ya kabati, mbali na mkono wa yule mdogo.