Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Tangu pamba inapopandwa mwezi Novemba hadi palizi inapokwisha, neno moja husikika katika kaya nyingi za Bariadi: "Nimechoka." Mtu aliyeamka alfajiri, akalima hadi jua la utosi, kisha akafuata maji na kuni, ana haki ya kuchoka. Uchovu huo huondoka kwa mlo na usingizi. Makala haya yanahusu ule mwingine, unaolala nawe na kuamka nawe.

Mtu mzima huhitaji walau saa saba za usingizi. Katika kaya nyingi mama ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Hakuna kidonge kitakachofidia hali hiyo. Dawa yake ni wengine nyumbani kuchukua sehemu ya kazi zake. Vijana wetu wa bodaboda, kwa upande wao, wamezoea vinywaji vya kuongeza nguvu. Jina hilo linapotosha. Kafeini iliyomo huzuia mwili kuuhisi uchovu, haiuondoi. Ukinywa kopo moja saa kumi na moja jioni, ifikapo saa nne usiku karibu nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini. Usingizi huwa mwepesi, na kesho yake hununuliwa kopo jingine.

Kuhusu chakula, ugali, michembe na matobolwa hutupatia nguvu ya kazi, lakini damu huhitaji pia madini ya chuma. Hayo hupatikana katika nyama, maini, dagaa wa Ziwa Victoria, choroko, dengu na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia mwili kuyapata madini hayo vizuri, hivyo ni vyema isubiri saa moja. Limau lililokamuliwa juu ya mboga husaidia. Maji safi nayo yaende shambani pamoja na jembe.

Iwapo umelala, umekula, na baada ya wiki mbili uchovu ungalipo, usijiite mvivu wala usikubali kuitwa hivyo. Huenda tatizo limo katika damu. Kanda yetu ya Ziwa ina malaria, seli mundu na kichocho, na yote matatu huweza kupunguza damu. Kichocho huingia kupitia ngozi tunapooga, kufua au kulima majaruba ya mpunga katika maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Watoto hupewa kingatiba shuleni, lakini mkulima mwenye umri wa miaka arobaini hayumo katika foleni hiyo, ingawa huingia katika lambo lile lile. Mkojo wenye damu si dalili ya kawaida kwa yeyote, hata kwa kijana anayebalehe.

Wapo wanaonunua dawa za maumivu dukani ili wamalize palizi. Baadhi yake, zikimezwa mfululizo, huweza kusababisha tumbo kuvuja damu, na uchovu ukazidi.

Ufikapo zahanati, eleza uchovu ulianza lini, unatumia maji ya wapi, na dawa gani umekwisha kumeza. Omba ushauri kuhusu vipimo vya wingi wa damu, malaria, mkojo na choo. Mjamzito, na yeyote anayehema kwa shida au ambaye moyo wake unakwenda mbio akiwa amekaa, asisubiri wiki mbili, aende leo.